Vyuma Vilivyolala Shambani

Msafiri atokaye Arua kwenda Koboko siku hizi huchukuliwa upesi na barabara ya lami, akapita Maracha na kufika mwisho wa safari yake bila kutambua kwamba nyuma ya majani marefu ya pande zote mbili yamo mambo ya kale yaliyojificha. Mwezi wa Februari, wakati nyasi zilikuwa zimekwisha kuungua na ardhi imebaki wazi, nilipata nafasi ya kuyaona kwa macho yangu.

Baina ya miji hiyo miwili liko shamba la zamani lililolimwa kwa matrekta baada ya Uhuru wa mwaka 1962, likaachwa wakati wa vita. Jina lake sitalitaja, kwa kuwa wenye haki nalo wangali wakipatana juu ya mipaka, na ukoo wa mama yangu ni mmoja wao. Mnunuzi wa vyuma chakavu alikuwa amefika na lori, akavitazama vyuma kwa muda wa kuvuta sigara moja, akataja bei moja kwa vyote. Vijana walitaka kupokea fedha siku ile ile. Wazee walisita. Mwishowe ikaamuliwa kwamba mimi, niliye mtumishi wa serikali mwenye cheti cha ualimu, niviandike vyuma vyote katika daftari, kimoja kimoja; na mjomba wangu, aliyekuwa dereva wa trekta katika shamba hilo, anionyeshe.

MAITI WENYE HISTORIA

Mjomba amepita miaka sabini na mitano, naye hutembea kwa fimbo. Lakini tulipoingia shambani alinitangulia kama mtu arudiye nyumbani kwake. Tulikuta matrekta manne, lori moja aina ya Bedford lililozama hadi ekseli, trela mbili, plau tatu za visahani, haro moja, na pampu ya maji iliyopasuka tumbo. Nyigu walikuwa wamejenga ndani ya taa za lori. Chini ya trekta moja palikuwa na gamba la nyoka, nasi tulipiga vyuma kwa fimbo kabla ya kutia mkono mahali popote.

"Mwalimu, andika," mjomba akasema. "Hili la kwanza limekufa kwa kiu."

Nilidhani anafanya mzaha, kumbe sivyo. Mwaka 1972 wafanyabiashara wenye asili ya Asia walipewa siku 90 kuondoka Uganda, na wengi wa walioleta na kuuza vipuri walikuwa miongoni mwao. Baada ya hapo kipuri kidogo kilikuwa adimu kama dhahabu. Mpira wa rejeta ya trekta lile ulipasuka. Ukafungwa kwa kamba ya baiskeli, ukavuja, dereva akawa akijaza maji kila mwisho wa mtaro, hata siku moja akasahau. Injini ikachemka, kichwa chake kikapasuka. Mpira ule, mjomba alisema, haukuzidi bei ya kuku wawili.

Trekta la pili lilikufa kwa ajili ya la tatu: lilinyofolewa viungo ili mwenzake aendelee kulima. Na la tatu lilikufa kwa uchafu. Chujio la dizeli lilipokwisha na jipya lisipatikane, mafuta yalichujwa kwa kitambaa. Vumbi likapenya, likaila pampu ya mafuta na nozeli zake. Hivyo mawili yakafa ambapo lingeweza kupona moja.

TREKTA LA NNE

Mbele ya trekta la nne mjomba alisimama kwa muda mrefu bila kusema neno. Mwembe ulikuwa umeota kati ya chasisi na gurudumu la nyuma, mnene kama paja la mtu mzima.

Trekta hilo, alinieleza, halikuwa na ugonjwa wowote. Mwaka 1979 serikali ya wakati ule ilipoanguka, vita vilifika hadi Arua na Koboko. Mwaka 1980 mapigano yalizuka tena, na watu kwa maelfu wakakimbilia Zaire na Sudan. Kabla ya kuondoka, mjomba alilisukumiza trekta kichakani kwa msaada wa vijana, akafungua pampu yake ya mafuta, akaizungushia blanketi, akavuka nayo mpaka wa Zaire kichwani pa mkewe. Mke alitaka kubeba sufuria. Yeye alisema sufuria itapatikana, bali pampu haitapatikana. Na asiye na pampu hawezi kuliiba trekta.

Waliporudi mwaka 1986 pampu ilikuwa salama. Lakini mvua za miaka sita zilikuwa zimeingia kwa bomba la moshi, pistoni zimeshikana na silinda kwa kutu, zisisogee hata kwa nyundo. "Nilichukua pampu," alisema, "nikasahau kuziba bomba la moshi. Kopo moja tu la maziwa lingetosha." Kisha akaongeza maneno ambayo yalinichoma: "Watu husema sisi wa hapa hatukujua kutunza mashine. Labda ni kweli."

HABARI ZA KONGWA

Sikuweza kuyaacha maneno hayo yapite. Tuliketi kivulini pa ule mwembe, nikamsimulia habari niliyofundishwa chuoni, ya shamba kubwa kuliko yote yaliyopata kuanzishwa na kuachwa katika Afrika ya Mashariki.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza ilikuwa na upungufu mkubwa wa mafuta ya kupikia. Mwaka 1946 wakubwa wa kampuni ya United Africa walishauri karanga zilimwe kwa mashine nchini Tanganyika. Ujumbe ulioongozwa na John Wakefield uliizunguka nchi kwa wiki tisa, sehemu kubwa kwa ndege, ukapendekeza zifyekwe zaidi ya ekari milioni 3 kwa muda wa miaka sita. Gharama ilikadiriwa kuwa karibu pauni milioni 25. Kazi ilianza mwaka 1947 pale Kongwa, katika nchi ya Wagogo, ambao tangu zamani wanajua kwamba mvua ya kwao ni haba na haina ahadi.

Matrekta mapya hayakutosha. Yakanunuliwa makuukuu kutoka mabaki ya vita, mengine hata kutoka Ufilipino. Vifaru vya aina ya Sherman vilivuliwa mizinga na kugeuzwa kuwa matrekta. Minyororo ya meli ilifungwa kati ya matingatinga mawili ili kung'oa vichaka. Wanajeshi wengi waliomaliza vita waliingia katika kazi hiyo, na ilisemwa juu yake kama isemwavyo habari ya jeshi liendalo mstari wa mbele. Lakini mizizi ilivunja meno ya mashine. Mibuyu ilikataa kung'oka. Na udongo ule wa mfinyanzi, wenye chembe kali kama msasa, ulizitafuna plau wakati wa mvua na kuwa mgumu kama tofali wakati wa kiangazi. Kabla ya mwaka wa kwanza kwisha, sehemu kubwa ya matrekta ilikuwa imelala karakanani. Walikusudia kulima ekari 150,000 mwaka huo. Hawakufyeka hata sehemu moja ya kumi. Mwezi wa Januari 1951 serikali ya Uingereza ilitangaza kwamba mpango umekwisha. Zaidi ya pauni milioni 35 zilikuwa zimepotea.

Mjomba alisikiliza huku akichora ardhi kwa fimbo. "Wazungu wale walikuwa na spea?" akauliza.

"Walikuwa na fedha, mjomba. Spea hazikufika kwa wakati, na mashine zilitangulia kabla karakana haijawa tayari. Wala hawakuwauliza Wagogo habari za mvua."

"Basi hata wao waliletewa trekta kabla ya chujio," akasema, akacheka kwa mara ya kwanza siku ile.

Ndugu msomaji, hapo ndipo lilipo funzo. Mashine haijui kabila la dereva wake. Yule wa Kongwa mwenye mamilioni na huyu wa kwetu mwenye kamba ya baiskeli waliangushwa na jambo moja: vitu vikubwa vilinunuliwa kwa shangwe, na vitu vidogo vikaachwa viende kwa bahati. Anunuaye pikipiki leo bila kuweka akiba ya oili na mnyororo analima shamba lile lile la Kongwa.

KIPANDE KISICHOKUWA CHA TREKTA

Tulikuwa tukihesabu visahani vya plau tuliposikia mtoto wa ndugu yangu, mwenye umri wa miaka kumi, akituita kutoka upande wa lori. Alikuwa ameona chuma kirefu kidogo kuliko mkono wake, chenye vibawa mkiani, kimezama nusu katika udongo. Naye alikuwa ameokota jiwe ili akibandue kutu, akitumaini kukiuza kwa kilo.

Mjomba, ambaye hapazi sauti, alipaza sauti. "Weka jiwe chini! Usikiguse! Rudi kwa njia uliyojia!"

Kijana alirudi akitetemeka, akikanyaga nyayo zake mwenyewe. Kilikuwa kombora la mota, lililotupwa miaka mingi kabla hajazaliwa baba yake, likakataa kulipuka. Tuliweka matawi yakizunguka mbali, tukafunga kitambaa chekundu mtini, tukaenda kutoa habari polisi. Wataalamu walifika baada ya siku mbili, wakaliharibu mahali pale pale. Mlio wake ulisikika hadi sokoni. Mama wa yule mtoto aliusikia akiwa anapepeta mtama. Alikaa chini, ungo ukamwanguka.

Uganda ilitangaza mwezi wa Desemba 2012 kwamba imekwisha kuondoa mabomu yaliyotegwa ardhini katika sehemu zilizojulikana. Hiyo ni kazi kubwa ya kushukuriwa. Lakini kombora lililotupwa na kusahauliwa ni jambo jingine. Hutokea popote palipopiganwa, na biashara ya vyuma chakavu huwapeleka watoto hasa katika vichaka ambavyo wazee wao huviepuka. Askari asomaye gazeti hili anayajua haya. Je, amewaeleza watoto wake?

MAMBO YA KUANGALIA NYUMBANI

Kwanza, mtoto afundishwe maneno matatu: usiguse, rudi ulikotoka, sema. Asikwaruze, asitupie jiwe, asitie motoni chuma asichokijua.

Pili, betri kuukuu isivunjwe uani wala risasi yake isiyeyushwe karibu na jiko. Moshi na vumbi lake ni sumu, na huwadhuru watoto wadogo zaidi katika akili na viungo.

Tatu, pipa lililowahi kuwa na dawa ya pamba au ya tumbaku lisitiwe maji ya kunywa wala pombe, hata likioshwa mara saba.

Nne, aliyechomwa na chuma chenye kutu aoshe kidonda kwa maji na sabuni, kisha aende zahanati akaulize habari za sindano ya pepopunda. Asingoje kidonda kiume.

Tano, asiwepo auzaye chuma bila kuandikiana, na asiwepo anunuaye bila kuuliza kimetoka wapi. Nguzo ya alama ya barabara na chuma cha mnara wa umeme navyo huitwa chakavu na wezi.

Haya yote hayana maana kwamba chuma cha kale hakina faida. Mhunzi hufua jembe na kisu kizuri kutokana na sprini ya lori. Kisahani cha plau, kikisuguliwa vema, ni kikaango kisichokwisha. Mpira wa gari hutoa kandambili za kumaliza masika matatu.

SIKU YA MIZANI

Daftari lilipokwisha, wazee waliliita kila jina la chuma mbele ya ukoo, wakaleta wanunuzi watatu badala ya mmoja, na mizani badala ya macho. Fedha iliyopatikana ilizidi mara mbili ile iliyotajwa kwanza, ikagawanywa hadharani. Ringi moja ya gurudumu la mbele haikuuzwa. Ilipelekwa shule ya msingi iliyo jirani, ikatundikwa mtini iwe kengele, kwa kuwa ile ya zamani ilikuwa imeibwa na kuuzwa kwa kilo.

Vyuma vilipokuwa vikipakiwa, mjomba aliingia nyumbani mwake akatoka na kitu kilichofungwa blanketi. Ilikuwa ile pampu, ingali inang'aa kwa grisi. Kila mwaka tangu 1986 alikuwa ameipaka. Aliiweka juu ya mizani mwenyewe.

"Andika na hii, mwalimu," akasema.

Shangazi, aliyeibeba kichwani hadi Zaire na kurudi nayo, alitoka nje akaiondoa mizanini bila kumwomba mtu ruhusa, akairudisha ndani. Katika daftari langu mstari huo nimeufuta.