Kwa Nini Mnada wa Ng'ombe Hufungwa

Serikali inapoufunga mnada, mfugaji wa Shinyanga huuliza, tena kwa haki: ng'ombe wangu ni mzima, amekosa nini? Jibu limo mapafuni.

Homa ya mapafu ya ng'ombe huletwa na kijidudu kiitwacho mikoplazma. Hakina ukuta wa seli. Kwa hiyo penisilini, ambayo kazi yake ni kuuvunja ukuta huo, haikidhuru. Ng'ombe huambukizana kwa pumzi wakaribianapo, zizini au mnadani, na dalili huweza kukawia miezi kadhaa. Hata aliyepona huweza kubaki na kifuko kigumu mapafuni chenye vijidudu hai. Ng'ombe huyo hula, hunenepa, na huweza kuswagwa hadi Geita, kwa wachimba dhahabu wanaohitaji nyama, pasipo mtu kumshuku.

Tanzania iliutokomeza ugonjwa huu mwaka 1964. Ukarudi mwaka 1990 kwa mpaka wa kaskazini. Chanjo yake, T1/44, ilitokana na kijidudu kilichopatikana Tanganyika, kikakuzwa mara 44 mfululizo katika mayai yenye viini vya vifaranga. Kinga hiyo hudumu takriban mwaka mmoja, wala haimponyi aliyekwisha kuambukizwa. Ndipo karantini inapolazimu.

Lakini karantini ni ghali. Mfugaji aliyekosa ada ya shule atamswaga ng'ombe wake usiku, bila kibali. Mkaguzi wa nyama atakapokipasua kifuko kile machinjioni, hatakuwa na hati ya kumwonyesha ng'ombe alikotoka.