Kufyeka Eneo Lenye Miti kwa Ajili ya Bustani ya Mboga: Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kukata Mti wa Kwanza

Kaya nyingi zinazojenga makazi mapya vijijini na pembezoni mwa miji nchini Tanzania hupata maeneo ambayo bado yana miti, vichaka na nyasi ndefu. Miongoni mwa kazi za mwanzo katika makazi hayo ni kuandaa bustani ya mboga karibu na nyumba, ili familia ipate mchicha, sukuma wiki, bamia na nyanya chungu bila kutegemea soko kila siku. Kwa wengi, kazi hiyo huonekana kuhitaji panga, shoka na kiberiti tu. Hata hivyo, namna eneo linavyofyekwa ndiyo huamua iwapo bustani itadumu kwa miaka mingi au itachoka baada ya msimu mmoja au miwili, na iwapo mwenye eneo atajikuta akivunja sheria bila kujua.

Tathmini ya Taifa ya Rasilimali za Misitu (NAFORMA) ilibaini kuwa Tanzania Bara ina takriban hekta milioni 48.1 za misitu, ambazo ni zaidi ya nusu ya eneo lake la nchi kavu. Sehemu kubwa ya misitu hiyo ni miombo, na upanuzi wa mashamba ni mojawapo ya sababu kuu za kupungua kwake. Bustani moja ya nyumbani ni eneo dogo, lakini maamuzi yanayofanyika ndani yake ni yaleyale: mti upi ukatwe, upi ubaki, na udongo ulindwe vipi.

Kutambua hadhi ya ardhi na miti

Hatua ya kwanza ni kujua mipaka ya eneo na hadhi yake. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inatambua makundi manne ya misitu, ambayo ni misitu ya taifa, ya serikali za mitaa, ya vijiji na ya binafsi. Eneo linaloonekana kuwa pori tupu linaweza kuwa sehemu ya msitu wa hifadhi wa kijiji. Kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, ardhi ya kijiji husimamiwa na Halmashauri ya Kijiji. Hivyo, mwananchi anapaswa kuanzia kwa Mtendaji wa Kijiji ili aoneshwe mipaka iliyokubaliwa. Kwa wanaoishi mijini, taarifa hizo hupatikana kupitia Mtendaji wa Mtaa na idara ya ardhi ya halmashauri husika.

Jambo la pili ni aina ya miti iliyopo. Ipo miti ambayo sheria huilinda kutokana na thamani yake na muda mrefu inaochukua kukua, na kibali huhitajika kabla ya kuikata hata pale inapokuwa nje ya hifadhi. Mpingo, ambao hutumika kuchonga vinyago na kutengeneza ala za muziki kama klarineti, huchukua miongo mingi kufikia ukubwa wa kuvunwa. Mwenye eneo lenye mpingo, mninga, mkongo au mvule anapaswa kumwona Ofisa Misitu wa Wilaya au ofisi ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS) kabla ya kukata. Aidha, mbao, kuni au mkaa unaotokana na ufyekaji havipaswi kusafirishwa kwenda kuuzwa bila kibali.

Jambo la tatu ni umbali kutoka kwenye maji. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kibinadamu zinazoweza kuathiri mazingira ndani ya mita 60 kutoka kwenye kingo za mito, mabwawa na fukwe za maziwa na bahari. Kishawishi cha kuweka bustani kando ya mto ni kikubwa kwa sababu ya urahisi wa kumwagilia, lakini miti ya ukingoni ndiyo inayoshikilia udongo usiporomoke na kujaza mto tope.

Kwa nini moto si njia bora

Kuchoma uoto kumewekewa masharti na sheria, kwa kuwa moto uliowashwa kwenye kiwanja kimoja huweza kuvuka na kuteketeza mashamba, nyumba na misitu ya wengine. Ipo pia sababu ya kitaalamu. Katika maeneo mengi ya miombo, udongo ni wa kichanga na wenye tindikali, na rutuba yake kubwa imo katika majani, matawi na tabaka jembamba la mboji lililo juu ya ardhi.

Uoto huo unapochomwa, sehemu kubwa ya nitrojeni hupotea pamoja na moshi. Majivu yanayobaki hupunguza tindikali na huongeza potasiamu, ndiyo maana mboga za msimu wa kwanza hustawi vizuri. Lakini mvua kubwa husomba majivu hayo, na kwa kuwa mboji nayo imeungua, mavuno ya misimu inayofuata hushuka. Mkulima hulazimika kununua mbolea ya kufidia kile alichokichoma mwenyewe.

Hatua za kusafisha eneo

Inashauriwa kuanza na eneo dogo linalolingana na nguvu kazi ya familia na maji yaliyopo. Eneo la mita 10 kwa 10 linatosha kupata matuta saba yenye upana wa mita moja, yakitenganishwa na njia za sentimita 50. Kazi ifanyike mwishoni mwa kiangazi, karibu na msimu wa kupanda, ili udongo usikae wazi kwa muda mrefu.

Vichaka na nyasi vifyekwe kwanza, kisha majani na matawi laini yakusanywe kutengeneza mboji au yatumike kama matandazo. Miti midogo isikatwe usawa wa ardhi. Ikiachwa na shina lenye urefu wa mita 1 hadi 1.5, shina hilo hutumika kama wenzo wa kung'olea kisiki baada ya kuchimba pembeni na kukata mizizi. Visiki vikubwa vinaweza kuachwa, mradi machipukizi yake yaondolewe kila yanapojitokeza, kwa kuwa miti mingi ya miombo huchipua upya.

Si lazima miti yote iondolewe. Mboga nyingi huhitaji walau saa sita za jua kwa siku, hivyo matuta yawekwe nje ya kivuli cha miti mikubwa, ambayo mizizi yake pia hugombania maji na virutubisho. Miti ya matunda na ile inayokinga upepo ibaki mipakani. Kwenye mteremko, matuta yakate mteremko badala ya kuufuata.

Usalama nao uzingatiwe. Buti na glavu hupunguza hatari ya nyoka na miiba, na utomvu mweupe wa mnyaa haupaswi kugusa macho kwa kuwa huweza kuyadhuru vibaya.

Kulinda udongo mpya

Tabaka la juu la udongo mweusi lisizikwe chini wala kukwanguliwa pamoja na magugu. Samadi iliyooza vizuri ichanganywe na udongo huo, takriban debe moja kwa kila mita mbili za mraba. Vumbi la mbao mbichi lisichanganywe na udongo wa matuta, kwa sababu vijidudu vinavyoliozesha huchukua nitrojeni na kusababisha majani ya mboga kuwa ya njano.

Kunde na maharage ni mazao yanayofaa kwa msimu wa kwanza, kwa kuwa mizizi yake husaidia kuongeza nitrojeni. Mchicha, unaovunwa baada ya wiki tatu hadi nne, huipatia familia mboga mapema na huonesha sehemu ambazo udongo wake ni dhaifu.

Anayetaka uhakika zaidi anaweza kupima udongo. Sampuli huchukuliwa sehemu kadhaa za bustani, kwa kina cha hadi sentimita 20, kisha huchanganywa na kupatikana sampuli moja. Ofisa Ugani wa kata hutoa maelekezo ya namna ya kuifikisha maabara, ikiwemo ya Kituo cha Utafiti wa Kilimo cha TARI Mlingano mkoani Tanga, kinachojihusisha na utafiti wa udongo.

Mwananchi mwenye shaka kuhusu mpaka, aina ya mti au umbali wa bustani yake kutoka mtoni anashauriwa kupata ufafanuzi kwa maofisa hao kabla ya kazi kuanza. Mti uliokatwa kimakosa haurudishwi na faini, na tabaka la udongo lililoungua au kusombwa na mvua huchukua miaka mingi kujijenga tena.