Bahati ya Kuzikwa Upesi

Ukitaka kuona kisukuku Zanzibar huna haja ya kwenda makumbusho. Ingia kichochoro chochote cha Mji Mkongwe, tafuta ukuta ambao lipu yake imebanduka, kisha sogeza uso karibu. Utaona jiwe lenye matundu kama sega la nyuki, na ndani ya baadhi ya matundu michirizi myembamba iliyojipanga mfano wa nyota. Hapo ndipo alipoishi mnyama mdogo wa tumbawe, kila mmoja na kijumba chake. Pembeni huenda ukakuta gamba la chaza au la konokono wa baharini. Mawe mengi ya kuta hizo yalichimbwa nchi kavu, kwenye miamba iliyokuwa chini ya maji miaka kama 125,000 iliyopita, wakati bahari ilipokuwa juu kuliko leo kwa mita kadhaa. Bahari iliposhuka, matumbawe yalibaki juani, mvua ikayapitia, chokaa yake ikayeyuka na kuganda upya, yakawa jiwe. Ngome ya Yesu kule Mombasa nayo imekaa juu ya mwamba wa namna hiyo.

Nimeanza na ukuta kwa sababu nimechoka kidogo na dinosaria. Nikitaja visukuku mbele ya watu, swali la kwanza ni dinosaria na la pili ni mtu wa kale. Wote wawili tutawafikia. Lakini jina hili ni pana zaidi: kisukuku ni mabaki au alama yoyote ya kiumbe wa zamani iliyohifadhiwa ardhini. Jino ni kisukuku, na jani pia, na yai, na unyayo, na kichuguu. Hata kinyesi kilichogeuka jiwe kina wataalamu wake, tena wanaheshimika, maana ndani yake mna vipande vya mifupa na mbegu vinavyoeleza mwenyewe alikula nini siku zake za mwisho. Wengi hupiga mstari kwenye miaka 10,000 na kusema kilicho kichanga zaidi ya hapo bado hakistahili jina. Mstari huo ni wa makubaliano tu. Ardhi haina habari nao.

Ajabu ni kwamba visukuku vipo kabisa. Nyumbu akifa mbugani, kazi ya kumfuta huanza saa ile ile. Tai wanashuka, fisi anakuja kuvunja mfupa apate uboho, mbweha anaokota kilichobaki, funza wanamaliza. Mfupa ulioponea hapo unapasuliwa na jua la mchana na baridi ya usiku, unakanyagwa na kwato, na baada ya miaka michache ni vipande na unga. Anayenusurika ni yule aliyefunikwa mapema: na tope la mto uliofurika, na mchanga wa ukingo wa ziwa, au na jivu la volkano. Pwani tunajua umuhimu wa kutochelewesha maziko, ingawa kwa sababu nyingine.

Kwa hiyo kumbukumbu ya ardhi ina upendeleo, tena upendeleo mkubwa. Chaza, aliyezaliwa kwenye tope na kufia kwenye tope, ameacha magamba yasiyohesabika. Ndege mwenye mifupa myepesi ameacha machache. Wanyama wa msitu mnene wameonewa zaidi, kwa kuwa udongo wa msituni una tindikali na kila kitu huoza upesi. Sokwe ni mfano mzuri: hadi mwaka 2005 hapakuwa na kisukuku chake hata kimoja kilichotangazwa, na kilipopatikana kilikuwa ni meno machache tu kutoka karibu na Ziwa Baringo, Kenya. Nasisitiza hili kwa sababu mara nyingi nasikia watu wakisema mnyama fulani “hakuwepo” enzi fulani. Pengine alikuwepo na hakuzikwa vizuri.

Baada ya kuzikwa, zamu ni ya maji. Mfupa unaonekana mgumu na mzima, lakini ndani umejaa vijia vyembamba vilivyopitisha damu na neva. Nyama na mafuta yakishaoza, maji ya ardhini hupenya humo yakiwa yamebeba madini yaliyoyeyuka, hasa silika na chokaa. Yeyote aliyechemsha maji ya kisima kwenye birika moja kwa mwaka mzima ameuona utando mweupe unaojijenga kwenye kuta zake. Fikiria utando huo ukijijenga ndani ya kila kijia cha mfupa kwa maelfu ya miaka mpaka vijia vijae. Wakati mwingine maji huenda mbali zaidi: yanayeyusha mfupa au mti wenyewe chembe kwa chembe na kuweka madini mahali pake, kwa utulivu kiasi kwamba umbo halipotei. Ndivyo yalivyopatikana magogo ya mawe ya Sibiloi, mashariki ya Ziwa Turkana, ambayo ukiyaona kwa mbali utadhani ni kuni.

Mabadiliko hayo yana uzito, na walioujua uzito huo kwa shingo zao ni wapagazi wa Lindi. Mwaka 1906 mhandisi wa madini Mjerumani, Bernhard Sattler, alikuta mifupa mikubwa imejitokeza kwenye kilima cha Tendaguru. Vita vya Maji Maji vilikuwa bado havijaisha, na njaa iliyofuata iliwamaliza watu wa kusini. Kati ya 1909 na 1913 msafara kutoka Berlin ulichimba pale, ukiajiri mamia ya wenyeji, na zaidi ya tani 200 za mifupa zikabebwa kichwani na mabegani, mwendo wa siku kadhaa kwa miguu hadi bandarini. Mfupa wa paja wa dinosaria mmoja wa pale ungekuwa mzigo mzito hata ungekuwa mbichi. Ukiwa jiwe, ulilazimika kusafiri vipande vipande. Mmoja wa dinosaria hao sasa anaitwa Giraffatitan. Amesimamishwa katika makumbusho ya Berlin tangu 1937, urefu wa mita 13 na ushei, na jirani zake wa asili wa Lindi wengi hawajamwona. Msimamizi mkuu wa wachimbaji alikuwa Boheti bin Amrani. Ilibidi ifike 2007 ndipo dinosaria mmoja wa Tendaguru akapewa jina la kumkumbuka, Australodocus bohetii. Miaka karibu mia moja kwa deni la namna hiyo naona ni mingi.

Tendaguru hiyo hiyo ina tabaka za mchanga wa bahari zilizojaa magamba ya chaza wa kale, na magamba yanatufundisha njia nyingine. Gamba likifukiwa, udongo ukagandamana kulizunguka, kisha maji yakaliyeyusha lote, panabaki uwazi wenye umbo lake. Hiyo ni kalibu. Uwazi ukijazwa baadaye na madini au tope linaloganda, unapata nakala ya gamba ambayo haina hata chembe ya gamba lenyewe. Fundi wa kusubu shaba hahitaji maelezo zaidi. Majani laini yana njia yao pia: yakibanwa kati ya tabaka za tope mahali pasipo hewa, kila kitu kinayatoka isipokuwa kaboni, na jani linabaki kama mchoro mweusi juu ya jiwe. Mimea ikirundikana kwa wingi mno, unapata makaa ya mawe kama yale ya Mbinga na Kiwira, yenye umri wa zaidi ya miaka milioni 250.

Kisukuku ninachokipenda kuliko vyote, hata hivyo, ni cha viumbe wadogo kuliko ukucha. Kilitoka kisiwa cha Mfangano, upande wa Kenya wa Ziwa Victoria. Ni kundi la majimoto.

Aliyewahi kupanda mwembe au mkorosho pwani hahitaji kutambulishwa kwao: wale wadudu wekundu wanaoshona majani mabichi kwa nyuzi za mabuu wao wapate kiota, na ambao kuumwa nao ndiko kulikowapa jina. Wakulima wa minazi wanawavumilia kwa sababu wanafukuza wadudu waharibifu. Mwaka 1964 wanasayansi Edward Wilson na Robert Taylor walichapisha maelezo ya kundi zima la jamaa zao wa kale, lililozikwa zaidi ya miaka milioni 15 iliyopita, wakubwa kwa wadogo pamoja na watoto wao. Walipowalinganisha, mgawanyo wa vibarua wakubwa na wadogo ulikuwa unafanana na wa majimoto wa leo. Sasa fikiria ni kitu gani kinaweza kumhifadhi mdudu mwenye mwili laini hivyo. Eneo lile lilikuwa chini ya volkano iliyotema jivu lenye chokaa nyingi, jivu linaloganda upesi likilowa. Jirani, Rusinga, jivu hilo limehifadhi hata matunda na viwavi. Mfupa wa dinosaria unatuambia mnyama alikuwa na ukubwa gani. Majimoto wa Mfangano wanatuambia kwamba jamii yenye mgawanyo wa kazi ilikuwa imekwisha kupangwa muda mrefu kabla ya binadamu kuwazia serikali.

Mdudu ana kaburi lingine analojulikana nalo, nalo ni utomvu. Mti ukijeruhiwa hutoa utomvu, mdudu ananasa, utomvu unamfunika na kumfungia hewa na bakteria. Zaidi ya miaka milioni 40 baadaye, kwenye pwani za Baltiki, utomvu huo ni kaharabu, ambayo wazee wengi wanaifahamu kwa tasbihi. Sisi tunayo sandarusi. Katika karne ya 19 watu wa Mrima waliichimba ardhini kwa majembe, mara nyingi mahali ambapo miti yenyewe ilikuwa imetoweka, ikasafishwa Zanzibar na kupelekwa Salem kule Marekani na Hamburg kutengenezewa vanishi ya samani na magari ya farasi. Ile iliyokaa sana ardhini ilitambulika kwa ngozi yake ya vipele vipele, na ndiyo iliyokuwa na bei.

Je, sandarusi ni kisukuku? Wauzaji wa mtandaoni watakuapia kwamba ndiyo, hasa kama ina mbu ndani. Utomvu unahitaji muda mrefu sana kupoteza mafuta yake mepesi na molekuli zake kushikamana hadi uwe kaharabu, na sandarusi nyingi za Afrika Mashariki hazijafika huko, ziko njiani. Kipimo cha nyumbani ni tone la spiriti: sandarusi hunata kidoleni, kaharabu haijali. Mdudu wa ndani anaweza kuwa mzuri kabisa na bado awe wa juzi tu, kwa hesabu za jiolojia.

Tumefika kwa mtu wa kale, na hapa mfupa haumo. Mwaka 1976, Laetoli, kusini ya Olduvai kwa kilomita kama 45, wanasayansi waliokuwa wamemtembelea mtafiti Mary Leakey walikuwa matembezini wakaanza kurushiana kinyesi kikavu cha tembo, watu wazima na elimu zao. Andrew Hill, akikwepa, akaanguka. Uso wake ulipokuwa karibu na ardhi akaona mwamba una alama za wanyama. Katika miaka iliyofuata zikahesabiwa nyayo za sungura, kanga, twiga, tembo, kifaru na farasi wa kale mwenye vidole vitatu. Mwaka 1978 zikaonekana za viumbe waliotembea kwa miguu miwili: msururu wa mita 27, wenye nyayo kama 70, na mmoja wao alikuwa akikanyaga ndani ya nyayo za mwenzake aliyetangulia.

Ilihitajika bahati iliyofuatana. Kwanza volkano ilinyunyiza jivu laini. Kisha ikanyesha mvua, lakini rasharasha tu. Matone yake yameacha vishimo ambavyo bado vinaonekana. Mvua kubwa ingefuta kila kitu. Wanyama na wale wenzetu wakapita jivu likiwa bichi, jua likalikausha likashika kama saruji, na kabla halijaharibika jivu jingine likalifunika. Tabaka zote pamoja zina unene wa sentimita kama 15, na huenda zilitandazwa katika majuma machache. Umri wake tunaujua kutokana na fuwele za madini ndani ya jivu: potasiamu yake hugeuka polepole kuwa gesi ya agoni kwa kasi inayofahamika, hivyo ukipima gesi iliyonaswa unapata miaka milioni 3.66. Kipimo cha kaboni ambacho watu hukitaja kwa kila kitu hakifiki mbali hivyo; kikomo chake ni miaka kama 50,000.

Katika nyayo hizo kisigino kimetangulia kuzama, kidole gumba kimelala sambamba na vingine. Zana za mawe za zamani kuliko zote tunazozijua, za Lomekwi magharibi ya Turkana, zina miaka milioni 3.3. Yaani babu zetu walisimama na kutembea kabla ya jiwe lolote lililochongwa ambalo tumewahi kuliokota. Walikuwa nani hasa? Unyayo hauna jina. Taya na meno yaliyopatikana Laetoli ni ya Australopithecus afarensis, jamii moja na yule Lucy wa Ethiopia, na wengi wanaridhika kwamba ndio waliopita. Mimi naridhika pia, lakini nakumbuka kwamba hakuna aliyeukuta mguu ndani ya unyayo.

Mwaka 1979 nyayo hizo zilifunikwa kwa udongo zisiharibike. Udongo ulikuwa na mbegu za migunga. Mbegu zikaota, ikawa miti, na mizizi ikaanza kushuka kuelekea kwenye jivu. Idara ya Mambo ya Kale ya Tanzania ikishirikiana na Taasisi ya Uhifadhi ya Getty ililazimika kuua miti, kufukua msururu ule na kung'oa mizizi. Kisha, mwaka 1995 na 1996, wakaufunika tena kwa mchanga uliochekechwa, vitambaa maalumu vya kuzuia mizizi, na juu kabisa mawe ya volkano. Anayekwenda leo kutafuta nyayo za 1978 ataoneshwa rundo la mawe meusi.