KIINGEREZA KWA SIMU: MAFUNZO KUTOKA RWANDA

Ndugu zetu wafanyakazi wa Rwanda wamepata mtihani ambao wengi wetu hatukuupata. Oktoba 2008 serikali yao iliamua kwamba shule, ambazo nyingi zilikuwa zikifundisha kwa Kifaransa, zifundishe kwa Kiingereza. Nchi hiyo ilikuwa imejiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na mwaka 2009 ikaingia Jumuiya ya Madola. Watoto waliendelea na lugha mpya darasani. Mzazi aliyemaliza shule kabla ya hapo, ambaye leo anachuma chai au anaendesha mashine, hakuwa na darasa la kurudi.

Hasara yake si ndogo. Chai ya Rwanda huuzwa katika mnada wa Mombasa, ambako biashara hufanyika kwa Kiingereza. Maelezo ya mashine na ya makopo ya dawa ya wadudu mara nyingi ni ya Kiingereza. Na mjumbe wa wafanyakazi anayekwenda kwenye mazungumzo ya mishahara bila lugha hiyo humtegemea mkalimani. Mkalimani huyo analipwa na nani? Mara nyingi na mwajiri.

Wengi wamehudhuria kisomo cha jioni, na kusoma wanajua. Kinachowashinda ni kusema. Darasani watu ni wengi na kila mmoja hupata dakika moja. Shambani na kiwandani wote wanaongea Kinyarwanda, kama ilivyo haki yao. Hakuna wa kuzungumza naye.

Hapa ndipo simu inapofaa. Tangu mwaka 2013 WhatsApp ina ujumbe wa sauti: unabonyeza, unasema, unatuma. Mwenzako wa zamu ya usiku atausikia asubuhi na kukujibu. Anaweza kuurudia mara kumi, jambo ambalo mwalimu aliyechoka hawezi kulifanya. Mwenye haya hujisikiliza kwanza kabla ya kutuma, na hakuna anayemtazama usoni.

Kundi la watu 8 hadi 12 linatosha. Kundi la watu mia ni soko. Kila wiki lichague jambo moja la kazini: kuripoti mashine iliyoharibika, kuomba ruhusa ya ugonjwa, kukataa kunyunyiza dawa bila glavu. Wa kwanza anauliza swali. Wa pili anajibu, kisha naye anamwuliza wa tatu. Maandishi yasitumike ila kwa neno gumu. Anayesahihisha ataje kosa moja tu, maana mtu akitajiwa makosa sita hanyanyui simu tena. Kwa Wanyarwanda kosa la kwanza huwa ni kuchanganya r na l, na katika Kiingereza kosa hilo hugeuza mchele kuwa chawa. Wacheke pamoja, waendelee.

Tuseme ukweli: makundi mengi ya namna hii hufa upesi. Baada ya wiki mbili yanajaa salamu, matangazo ya biashara na video zinazomaliza bando la mtu mwenye mshahara mdogo. Msimamizi wa kundi lazima awe mkali. Nyapara asiingizwe, la sivyo hakuna atakayefanya zoezi la kudai malipo ya saa za ziada. Na yeyote anayeahidi kazi ng'ambo kwa ada aondolewe siku hiyohiyo.

Jirani naye ana nafasi yake. Kiswahili kimekuwa lugha rasmi Rwanda tangu mwaka 2017, na wengi wanakitaka. Mfanyakazi wa Kericho anayekimudu Kiingereza anaweza kubadilishana na mwenzake wa huko: Jumatatu Kiingereza, Alhamisi Kiswahili. Kwa njia hiyo watajuana pia hali za kazi na ujira, habari ambazo waajiri wao wamezipata zamani.

Haya yote hayamwondolei mwajiri wajibu wa kuandika maonyo ya hatari kwa lugha ambayo mfanyakazi anaielewa. Chama kiendelee kulidai hilo. Lakini wanaotaka kuanza wanaweza kuanza hata wakiwa wanne wa zamu moja. Somo la kwanza liwe kopo la dawa lililo karibu: mmoja asome maonyo yake kwa sauti, wa pili aulize ni kinga gani iliyotajwa, wa tatu ajibu, wa nne aulize kama kinga hiyo ipo stoo.