Je, Wajua? Kulala Relini, Kuamkia Nchi ya Watu

Je, wajua kwamba Kwale ina reli? Mtu wa Diani au Msambweni atakukatalia, maana huku pwani ya kusini huoni hata taruma moja. Lakini Samburu, Taru na Mackinnon Road zote ni Kwale, upande wa Kinango. Kwa zaidi ya miaka 100 abiria wa treni ya usiku ya Mombasa na Nairobi walikuwa wakipita kwetu, wengi wao wamelala fofofo.

Je, wajua nani amezikwa kando ya reli hapo Mackinnon Road? Ni Sayyid Baghali, fundi kutoka Bara Hindi aliyefanya kazi ya kuijenga njia hiyo. Husimuliwa kwamba karai alilojitwika halikumgusa kichwa, lilielea juu yake. Madereva wa treni walizoea kupunguza mwendo na kupiga honi wakifika kaburini, na hadi leo wasafiri wa barabarani huegesha magari msikitini hapo wakaomba dua kabla ya kuendelea. Ukipita mchana, simama nawe.

Je, wajua kwamba kulala kwenye behewa kuliwahi kuua? Juni 1900, stesheni ya Kima, afisa wa polisi wa reli Charles Ryall alikuwa akimvizia simba mla watu akiwa ndani ya behewa pamoja na wenzake wawili. Usingizi ukamchukua. Simba akaingia kwa mlango wa kuteleza, behewa likainama kwa uzito wake, mlango ukajifunga. Mnyama akatokea dirishani na Ryall mdomoni.

Je, wajua raha ya treni ile ya zamani? Iling'oa nanga saa moja usiku. Daraja la kwanza vitanda viwili chumbani, la pili vinne. Mhudumu alipita ujiani akigonga kimarimba kuita watu kwenye chakula, nawe ukirudi ulikuta kitanda kimeshatandikwa. Ikasimama mwaka 2017, reli mpya ya SGR ilipoanza. Treni ya sasa ya saa nne usiku hukufikisha Nairobi kabla ya alfajiri, tena kwa usalama, ila usiku kucha umekaa kitini. Mwendo tumeupata, na nashukuru; kitanda kile bado nakililia.

Je, wajua huna haja tena ya feri ya Likoni kwenda stesheni ya SGR ya Miritini? Barabara ya Dongo Kundu inakuvusha, pamoja na daraja la Mteza lenye urefu wa mita 1,440.

Je, wajua basi kitanda cha relini kilicho jirani yetu kiko wapi? Kusini, ng'ambo ya Lunga Lunga. Treni ya Dar es Salaam na Moshi ilirudi mwaka 2019 baada ya kusimama miaka mingi, na mwaka uliofuata ikafika Arusha. Inapita Korogwe, mwendo mfupi tu kutoka Tanga kwa basi. Kwenye dirisha la tiketi usiseme "behewa la vitanda". Sema "daraja la pili kulala", usije ukauziwa "daraja la pili kukaa".

Na TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, je? Hiyo ndiyo safari yenyewe. Kilomita 1,860 kutoka Dar hadi New Kapiri Mposhi, Zambia. Ilijengwa kwa msaada wa China kuanzia 1970, ikakabidhiwa 1976, ili shaba ya Zambia ipate bandari isiyotegemea Rhodesia ya walowezi na Afrika Kusini ya makaburu. Stesheni yake Dar si ile ya katikati ya mji, iko Barabara ya Nyerere, na wageni wengi hukosea. Wanawake hupewa vyumba vyao na wanaume vyao. Mkitaka kukaa mume, mke na watoto pamoja, nunueni vitanda vyote vya chumba. Jioni ya kwanza treni hukata mbuga ya wanyama iliyokuwa Selous, basi usiwahi kulala: twiga na tembo huonekana hapo hapo dirishani. Baada ya Mlimba inapanda milima, daraja baada ya daraja, handaki baada ya handaki. Karibu na Mbeya unafika mita 1,800 hivi juu ya bahari, na baridi yake si ya mtu wa Diani mwenye kikoi kimoja. Beba sweta. Mpakani Tunduma na Nakonde, maafisa wa uhamiaji hupanda wenyewe wakakukuta chumbani. Ukishaingia Zambia, rudisha saa yako nyuma saa moja.

Je, wajua Ulaya wanavirudia vitanda hivi? Ujerumani ilipoachana na treni zake za kulala mwishoni mwa 2016, Austria ilichukua sehemu ya njia hizo, na leo inalaza abiria kutoka Vienna hadi miji mingi.

Je, wajua kitanda gani uombe? India kitanda cha kati kina sheria yake: hukunjuliwa saa nne usiku, hukunjwa saa kumi na mbili asubuhi, maana kikiwa wazi wa chini hawezi kukaa wima. Mimi hushika cha juu. Hakuna anayekuamsha ili akae, na mkoba unaufanya mto.