Gari Likikataa Kushika Gia ya Mbele



Karafuu mbichi hazina subira. Zilizochumwa leo na kuchambuliwa usiku zataka kuanikwa kesho kukicha. Zikilala zimerundikwa ndani ya magunia hupata moto na kuchacha, na zikikauka huwa nyeupe na nyepesi, nazo bei yake ni ndogo. Kwa sababu hiyo gari lililokwama bondeni wakati wa magharibi, limejaa magunia, si taabu ya mwenye gari peke yake. Ni taabu ya kila mwenye mikarafuu aliyemtegemea.

Na kisa chenyewe twakijua sote. Mvua ya vuli imenyesha, udongo umekuwa kama sabuni, dereva anatia gia ya magurudumu manne, ile ambayo mafundi huiita fowili, na magurudumu ya mbele yamekaa kimya. Kesho yake fundi aja, atikisa kichwa, asema transifa imekufa na hapana budi kuishusha. Yawezekana akawa amesema kweli. Lakini aghalabu ubovu uko mahali pengine, tena mahali rahisi, na yafaa mwenye gari autafute kabla ya kutoa fedha zake.

Kwanza tufahamu nguvu inapita wapi. Injini hupeleka nguvu kwenye giaboksi, na giaboksi huitia katika kisanduku cha pili kiitwacho transifa. Humo njia hugawanyika: propela shafti moja yaenda nyuma, nyingine yaenda mbele. Ile ya mbele huingia katika difu, na kutoka hapo ekseli mbili huenda kwenye magurudumu. Katika magari mengi ya shamba njia hii ya mbele huweza kukatwa mahali pawili: ndani ya transifa, na tena huko mbele, ama kwenye hab za magurudumu ama juu ya ekseli karibu na difu. Pakifungwa pamoja na pengine pakabaki wazi, gari halitavuta kwa mbele hata dereva afanye nini.

Basi swali la kwanza ni moja tu: ni wapi palipokatika? Jibu laweza kupatikana pale pale gari lilipokwama. Dereva atie fowili na kugusa mafuta kidogo tu. Mtu mwingine asimame pembeni, mbali kidogo, si mbele ya gari wala nyuma yake, aiangalie propela shafti ya mbele. Ikiwa magurudumu ya nyuma yanazunguka na shafti ya mbele imesimama, transifa haikuingia gia. Ikiwa shafti ya mbele inazunguka na magurudumu ya mbele yamesimama, transifa imefanya kazi yake, na ubovu uko kwenye difu, ekseli au hab. Na ikiwa gurudumu moja la mbele na moja la nyuma yote yanazunguka, gari halina ubovu wa gia hata kidogo! Difu ya kawaida huipeleka nguvu kwa gurudumu lisilo na kazi nzito, nalo ndilo lile lililo juu ya utelezi. Hapo dawa ni jembe, makuti na kupunguza mzigo.

Msiitegemee mno taa ndogo mbele ya dereva. Taa hiyo hutoa habari za swichi yake tu. Swichi ikiingia maji, taa itanyamaza hali gia imeingia, au itawaka hali magurudumu hayana habari.

Sasa tuje kwenye hab, maana hapa ndipo penye makosa mengi. Magari yenye hab za kufungwa kwa mkono huwa na kitufe kilichoandikwa LOCK na FREE, nazo zote mbili lazima ziwe LOCK. Wako madereva wanaofunga ya upande mmoja, ule usio na matope, wakidhani nusu ni bora kuliko kukosa. Si hivyo. Ekseli ya upande ulioachwa wazi itazunguka bure, na nguvu yote itakimbilia huko.

Kuzijaribu ni kazi ya dakika kumi nyumbani. Gari liwe mahali tambarare, injini imezimwa, breki ya mkono imevutwa, mawe yamewekwa nyuma na mbele ya magurudumu ya nyuma. Fowili itolewe, hab zote zifungwe, kisha gurudumu moja la mbele liinuliwe kwa jeki na kuzungushwa kwa mkono. Shafti ya mbele ikizunguka pamoja nalo, hab ni nzima. Gurudumu likienda peke yake, mojawapo ya hab mbili haikufunga, au ekseli imevunjika. Mtu asiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, wala injini isiwashwe.

Hab isiyofunga aghalabu imeganda kwa grisi kavu na matope. Ifunguliwe, ioshwe kwa mafuta ya taa, ikaushwe, ipakwe grisi nyepesi kidogo. Grisi nyingi ni mbaya kama kukosa grisi, kwani ile pete ya ndani hunata isiteleze.

Land Rover za zamani, zile za Series zilizotengenezwa tangu 1948 hata 1985, hazikutoka kiwandani na hab za kufungua. Zikiwapo, ziliongezwa baadaye. Ndani mna kitufe cha manjano, ambacho hubonyezwa kuleta fowili, na mkono mwekundu ambao ukivutwa nyuma huleta gia nzito pamoja na fowili. Ikiwa kitufe hakileti kitu lakini mkono mwekundu waleta, meno ya ndani ni mazima. Tazameni kutu kwenye chuma cha kitufe na springi yake. Pengine meno hayakukutana tu, na gari likisogezwa hatua mbili huingia lenyewe.

Mitsubishi L200 na Pajero za miaka ya 1990, na Toyota kadhaa, hufunga njia ya mbele kwa mvuto wa hewa, yaani vakyumu. Injini huvuta hewa katika mipira myembamba, na mvuto huo husogeza klachi ndogo kwenye ekseli ya mbele. Mpira ukipasuka kwa joto au ukiliwa na panya, shafti itazunguka na magurudumu yatasimama. Vueni mpira pale mwisho wake, injini inanguruma na fowili imetiwa, mzibe tundu kwa kidole: lazima kidole kivutwe. Mipira ikiwa miwili, itieni alama kwanza, maana ikibadilishana mahali kazi itakwenda kinyume. Breki nazo zikiwa nzito, tazameni pampu ya vakyumu. Mwanachama mmoja aliambiwa ashushe transifa. Kilichotakiwa kilikuwa mpira wa urefu wa shubiri mbili.

Magari ya kisasa yenye swichi ya kuzungusha hutumia mota ya umeme. Kisiwani kwetu chumvi ya bahari hula viungo vya waya vilivyo chini ya gari, vikawa kijani. Washeni ufunguo, zungusheni swichi, sikilizeni chini. Pakiwa kimya, anzeni na fyuzi, kisha viungo hivyo.

Fundi wa transifa aitwe iwapo meno yanasaga kwa kelele, au gia huruka yenyewe gari likivuta mlima.

Fowili isiyotumika huganda. Itieni mara moja kwa mwezi, kwa kilomita kama 16, katika njia ya udongo. Juu ya lami hapana, kwa kuwa magurudumu ya mbele na ya nyuma hayaendi mwendo sawa penye kona, na vyuma hujikaza hata gia ikakataa kutoka. Ikitokea hivyo, rudini nyuma hatua chache, nayo italegea.

Mwanachama aliyeshindwa na atuletee ofisini maandishi ya aina ya gari, mwaka wake, na kipi kilizunguka na kipi kilisimama. Bila ya hilo la mwisho hatuwezi kumjibu.

Katibu