Shilingi Tano za Osborne

Barua iliyomfikia Martin Archer-Shee Oktoba 1908 ilikuwa fupi na kavu. Wakuu wa Jeshi la Majini la Uingereza walimwarifu kwamba mwanawe George, mwenye umri wa miaka 13, ameiba hawala ya posta ya shilingi tano, hivyo amwondoe chuoni. Uchunguzi ulikwisha kufungwa. Mzazi hakuitwa, wala mtoto hakuwa na mtu wa kumsemea.

George alikuwa kadeti katika chuo cha Osborne, kisiwani Wight. Tarehe 7 Oktoba mwenzake alipokea hawala hiyo. Kufika jioni haionekani. Mchana huohuo George alikuwa ameomba ruhusa akaenda posta kununua hawala yake mwenyewe, ya shilingi 15 na peni sita, aagizie treni ya kuchezea. Ile iliyoibwa ilikuwa imelipwa taslimu katika posta hiyohiyo. Mama aliyekuwa dirishani akasema kadeti aliyenunua ya 15 ndiye aliyeleta ile ya tano. Mtaalamu wa miandiko, Thomas Gurrin, akadai kuwa saini ya kughushi, ya jina la mwenye hawala, ni mkono wa George. Gurrin huyu ndiye ambaye ushahidi wake ulisaidia kumfunga Adolf Beck mwaka 1896, mtu aliyekuja kusamehewa 1904 ilipobainika kuwa hakuwa na hatia. Wakuu hawakulijali hilo.

Mtoto alikana. Alikana mbele ya wakubwa wa chuo, akakana mbele ya baba yake, na baba akamwamini.

Tuseme ukweli: baba huyu alikuwa mtu wa benki, na kaka yake George kwa baba alikuwa meja wa jeshi aliyeingia bungeni mapema 1910. Mtoto wa mvuvi angekana vilevile, na angebaki mwizi hadi leo.

Familia ilimwendea Sir Edward Carson, wakili aliyemsulubu mwandishi Oscar Wilde kwa maswali mahakamani mwaka 1895. Kabla ya kuikubali kesi, Carson alimketisha kijana akamhoji kwa ukali, kana kwamba yeye ndiye upande wa mashtaka. George hakuyumba. Carson akasema kesi anaichukua.

Tatizo likawa mlango wa kuingilia mahakamani. Kadeti hakuwa askari kamili, kwa hiyo mahakama ya kijeshi haikumhusu. Na kuishtaki Serikali kulimaanisha kumshtaki Mfalme, ambaye wakati huo hakushtakiwa kama raia mwingine. Ilibaki njia ya zamani ya ombi la haki, ambayo haikwenda popote bila kibali cha Mfalme mwenyewe. Kibali kilipatikana, lakini mawakili wa Serikali wakaja na hoja kwamba Mfalme humwachisha mtumishi wake apendavyo, bila kuulizwa sababu. Jaji wa kwanza akakubaliana nao. Mahakama ya Rufani ikakataa: kwanza ukweli usikilizwe.

Ulisikilizwa kuanzia tarehe 26 Julai 1910. Akihojiwa na Carson, yule mama wa posta alikiri kwamba kadeti wote kwake walifanana, na kwamba siku ile kazi zake zilikuwa zikikatizwa. Sehemu kubwa ya ushahidi ilikuwa imeegemea kumbukumbu hiyo moja! Siku ya nne, Sir Rufus Isaacs, aliyeitetea Serikali, alisimama akatamka kuwa anakubali George hakuandika jina lile wala hakuchukua pesa zile. George mwenyewe hakuwapo kusikia. Usiku uliotangulia alikwenda kutazama mchezo wa jukwaani, asubuhi akapitiwa na usingizi.

Fidia ilichukua mwaka mwingine wa kubishana bungeni. Mwaka 1911 familia ililipwa pauni 7,120, gharama za kesi zikiwa ndani yake. George aliuawa vitani karibu na Ypres, Ubelgiji, Oktoba 1914, akiwa na miaka 19.

Terence Rattigan alikitumia kisa hiki katika tamthilia yake ya The Winslow Boy, mwaka 1946. Mwaka uliofuata Bunge la Uingereza lilipitisha sheria inayomruhusu raia kuishtaki Serikali bila kumwomba Mfalme kibali.